Kuipata Namba ya Ushuru ya Nguo Unazoagiza: Mwongozo Kamili kwa Wafanyabiashara wa Mwanza

Kabla hujafungua kitabu cha ushuru, kabla hata hujampigia wakala, ishike nguo yenyewe mkononi. Ivute kwa vidole viwili. Igeuze nje ndani usome lebo iliyoshonewa ubavuni. Tazama upande upi wa kifua unalala juu ya mwenzake inapofungwa. Karibu kila swali atakalouliza afisa wa forodha lina jibu humo humo kwenye nguo. Jina alilokupa muuzaji wa Guangzhou halikusaidii, na jina tunaloiita nguo hiyo hapa Makoroboi halikusaidii pia.

Nimeandaa matamko ya forodha ya wafanyabiashara wa Mwanza kwa miaka mingi: mizigo inayoshukia Dar es Salaam, inayopita Sirari na Mutukula, na mara mojamoja ile inayovuka ziwa mpaka bandari ya Mwanza Kusini. Mwanzoni nilifanya kosa ambalo bado naliona likirudiwa. Mama mmoja wa Kirumba alikopa kwenye kikoba chao akaagiza katoni 40. Ankara yake ilikuwa na maneno mawili tu: "nguo mchanganyiko". Nikayapokea hivyo hivyo, nikatafuta namba moja, nikauweka mzigo wote humo. Katoni zote zikafunguliwa, moja baada ya nyingine. Ndani mlikuwa na jezi, sidiria, nguo za watoto wachanga na makoti ya mvua, na kila kimoja kilikuwa na namba yake. Tamko likarekebishwa, gharama za kuhifadhi zikawa zinahesabika kila siku, na sikukuu aliyoilenga ikapita mzigo ukiwa bado bandarini. Riba ya kikoba haikumsubiri. Tangu hapo sijaandika tamko la nguo bila kwanza kuiona nguo, au walau picha zake za karibu na lebo yake.

Kama ushuru ni ule ule, kwa nini nihangaike?

Swali hili naulizwa kila mara, na ni la haki. Tanzania hutumia Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ulipoanza Januari 2005 ulikuwa na ngazi tatu: 0, 10 na 25 kwa mia. Tarehe 1 Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35, na nguo zilizotengenezwa tayari zikaingizwa humo. Ni kweli basi kwamba tisheti na shati huenda vikalipa asilimia ile ile.

Lakini namba haibebi asilimia peke yake. Kwa namba hiyo forodha hulinganisha bei yako na bei za mizigo mingine ya aina hiyo, kwa hiyo jaketi ukiliingiza kwenye namba ya tisheti au tisheti kwenye namba ya jaketi, bei yako itaonekana ya ajabu na utaulizwa. Namba ndiyo inayoamua kama mzigo ni mitumba au nguo mpya, na hesabu za hivyo viwili hazifanani. Namba ndiyo inayojulisha kama bidhaa iko kwenye orodha ya bidhaa nyeti, ambayo ina viwango vyake vya juu zaidi. Khanga, vitenge na vikoi vimo humo. Cheti cha uasili, kile kinachothibitisha nguo ilitengenezwa nchi gani, nacho hukaguliwa dhidi ya namba. Na ukaguzi hauishi lori linapotoka getini: sheria ya forodha ya Jumuiya inaipa mamlaka miaka 5 ya kurudi kudai ushuru uliolipwa pungufu. Mzigo umeshauzwa, fedha imeshazunguka mara tatu, ndipo barua inakuja.

Namba inavyosomeka

Mfumo wenyewe wa kupanga bidhaa kwa namba huitwa HS, kifupi cha Harmonized System. Umetungwa na Shirika la Forodha Duniani, makao yake Brussels, na umeanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu mbili za kwanza ni sura, nne za kwanza ni kichwa, na mpaka ya sita namba inafanana duniani kote. Ya saba na ya nane ni zetu wenyewe wa Jumuiya. Kwa hiyo muuzaji wa China akikuandikia namba ya tarakimu kumi, sita za mwanzo zina maana kwako, zilizobaki ni za kwao. Hata hizo sita usizichukue kwa kumwamini. Wauzaji wengi huandika namba waliyozoea, na wakati mwingine ni ya toleo lililopita. Toleo tunalotumia sasa ni la mwaka 2022.

Nguo zimekaa zaidi katika sura tatu: 61, 62 na 63. Hatua ya kwanza ni kuchagua kati ya 61 na 62, na hapo ndipo lugha yetu wenyewe inapotutega.

Hatua ya kwanza: vitanzi, au mtande na mshindio?

Sura ya 61 ni ya nguo zilizofumwa kwa vitanzi. Ya 62 ni ya nguo zilizoshonwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zinazopishana, mtande ukienda wima na mshindio ukikata kwa upana. Kwa Kiswahili vyote viwili tunasema "kufuma". Bibi anafuma sweta, na kiwanda kinafuma kitambaa. Mfanyabiashara akimwuliza wakala "nguo hii imefumwa?", jibu ni ndiyo kwa zote mbili, na tayari mmeshapotezana. Kwa hiyo mimi sisemi kufuma. Nasema nguo ya vitanzi na nguo ya nyuzi za kupishana.

Jinsi ya kujua: vuta kitambaa kwa upana. Tisheti, sweta, leginsi, jezi na soksi huvutika zikarudi, kwa sababu kitanzi kinafunguka na kujifunga. Shati la kazini, kadeti, jinzi na kitenge havivutiki hivyo. Ila kuvutika peke yake hakutoshi siku hizi, maana jinzi nyingi zimechanganywa nyuzi za mpira. Chukua lenzi ya kukuzia, au washa kamera ya simu uisogeze karibu kabisa. Ukiona vijipindo kama herufi V vilivyopangana safu kwa safu, ni vitanzi, sura ya 61. Ukiona nyuzi zinapita juu na chini kama ukili wa mkeka, ni sura ya 62. Ziko suruali za kike zinazofanana kabisa na jinzi lakini ukizikuza ni vitanzi vitupu. Hizo ni za 61, hata kama zimeandikwa jinzi kwenye mfuko.

Zipo nguo zisizofuata mgawanyo huu, nazo kariri: sidiria. Iwe ya vitanzi au ya nyuzi za kupishana, sidiria iko 6212.

Hatua ya pili: imetengenezwa kwa nini?

Soma lebo. Kanuni ni uzito: malighafi iliyozidi kwa uzito ndiyo inayotawala. Tisheti ya pamba 60 na polista 40 ni ya pamba, 6109.10. Shati la polista 65 na pamba 35, lile la sare za ofisi, si la pamba hata muuzaji akiapa. La kiume ni 6205.30. Jinzi yenye nyuzi za mpira asilimia 2 inabaki ya pamba.

Na zikiwa nusu kwa nusu? Hapo hutumika kichwa kinachokuja mwisho kwa namba kati ya vile vinavyoshindana. Pamba iko sura ya 52, nyuzi za viwandani ziko 54 na 55. Kwa hiyo tisheti ya 50 kwa 50 inahesabiwa ya nyuzi za viwandani, 6109.90.

Angalizo kwa wauza madera na magauni. Viskosi, ile laini inayoteleza, wengi huiita pamba kwa sababu ni ya baridi mwilini. Si pamba. Ni nyuzi bandia zinazotokana na rojo la miti, na ina mstari wake tofauti na wa polista: gauni la kike la nyuzi za kupishana la polista ni 6204.43, la viskosi ni 6204.44, la pamba ni 6204.42.

Lebo ikikosekana, chomoa uzi mmoja uuchome juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake ni laini. Polista hujikunja, huyeyuka, na huacha punje ngumu. Viskosi nayo huungua kama karatasi, kwa hiyo jaribio hili litakutofautishia polista tu. Kwa viskosi mdai muuzaji maandishi. Sisi watu wa Usukumani tumekulia kwenye pamba, tunaijua ikiwa shambani na kwenye marobota. Ikishakuwa blauzi, kidole kinadanganyika.

Hatua ya tatu: nani anaivaa?

Mwanamume au mwanamke. Tazama mbele inapofungwa. Upande wa kushoto ukilala juu ya wa kulia, ni ya kiume. Wa kulia ukilala juu ya wa kushoto, ni ya kike. Kama mkato wa nguo unaonyesha waziwazi ni ya nani, mkato ndio unaofuatwa. Isipojulikana kabisa, kwa mfano kaptula ya mpira kiunoni inayovaliwa na yeyote, inakwenda kwenye kichwa cha nguo za kike. Nimeshaona watu wakigoma kuandika hivyo kwa kuwa dukani wanaiuza kwa wavulana. Andika hivyo hivyo. Ndivyo kanuni ilivyo.

Watoto wachanga wana kichwa chao: 6111 kwa vitanzi, 6209 kwa nyuzi za kupishana. Mpaka ni urefu wa mwili usiozidi sentimita 86. Katika hili China wanatusaidia bila kukusudia, kwa sababu saizi zao nyingi za watoto ni urefu kwa sentimita. Katoni iliyoandikwa 73 au 80 ni ya wachanga. Iliyoandikwa 90 na 100 inarudi kwenye vichwa vya kawaida vya wavulana na wasichana. Kwa hiyo mzigo mmoja wa "nguo za watoto" mara nyingi una namba mbili au zaidi. Mwambie muuzaji apange saizi 80 na 90 katoni tofauti. Hilo likifanyika, ukaguzi unakwenda haraka sana.

Hatua ya nne: ni vazi gani hasa?

Sasa unaingia kwenye kichwa. Nguo zinazouzika sana Mwanza nazipanga hivi kichwani.

Za vitanzi: tisheti na singilendi ni 6109. Fulana ya kola yenye vifungo viwili vitatu kifuani ni 6105 kwa wanaume, 6106 kwa wanawake. Sweta, hudi na kadigani ni 6110. Suruali na kaptula za kiume ni 6103. Magauni, sketi na suruali za kike ni 6104. Boksa na nguo za kulalia za kiume ni 6107, chupi na gauni za kulalia za kike 6108. Soksi ni 6115.

Za nyuzi za kupishana: koti na jaketi za baridi ni 6201 kwa wanaume na 6202 kwa wanawake. Suti na suruali za kiume ni 6203, na za kike pamoja na magauni na sketi ni 6204. Mashati ya kiume 6205, blauzi 6206. Tai ni 6215.

Kila kichwa kina masharti yake yaliyoandikwa mwanzoni mwa sura, na hayo ndiyo yanayowaangusha hata mawakala wazoefu. Kichwa 6109 hakipokei nguo yenye kamba ya kukaza au ukanda wa kubana chini. Tisheti yenye ukanda wa mpira kiunoni si tisheti tena kiforodha, inahamia 6110. Fulana ya kola ikiwa na mfuko chini ya kiuno, haibaki 6105. Ikiwa vitanzi vyake ni vikubwa, chini ya wastani wa 10 kwa sentimita moja kila upande, haibaki pia. Kwa hiyo mfuko mmoja alioongeza fundi wa kiwandani unaweza kubadilisha namba ya katoni 20.

Taiti za wanawake zinachanganya mno. Zenye kuziba nyayo ni za kundi la soksi, 6115. Zinazoishia kwenye kifundo, ambazo sisi tunaziita taiti au leginsi, ni suruali: 6104.62 kama ni za pamba, 6104.63 kama ni polista au nailoni.

Mitandio na hijabu: vya vitanzi ni 6117, vya nyuzi za kupishana ni 6214. Lakini kitambaa cha mraba cha nyuzi za kupishana ambacho hakuna upande unaozidi sentimita 60 kinahesabiwa leso, 6213. Chukua futi kamba upime, inachukua nusu dakika.

Baibui nalitaja kando. Lililofungwa mwili mzima hadi chini ni rahisi kulitetea kama gauni. Lililo wazi mbele, la kuvaliwa juu ya nguo nyingine, linazua ubishi kati ya vichwa vitatu au vinne. Kama unaagiza mengi, usikisie. Nenda kwenye uamuzi wa awali nitakaoueleza chini.

Hatua ya tano: mitego ya huku kwetu

Jezi. Kila msimu wa mashindano ya mitaani, kuanzia Igoma hadi Buhongwa, timu zinaagiza seti: jezi, bukta na soksi kwenye mfuko mmoja. Mtu anasema ni seti moja, namba moja. Sivyo. Kanuni za nguo zinataka mavazi ya vichwa tofauti yatenganishwe hata yakiuzwa pamoja. Jezi ya polista ya shingo ya duara ni 6109.90, bukta ya kiume ya vitanzi vya polista ni 6103.43, soksi ni 6115. Muuzaji atakupa bei ya seti. Mlazimishe aigawe: jezi kiasi gani, bukta kiasi gani, soksi kiasi gani. Suti, trakisuti na pajama ni miongoni mwa zinazoruhusiwa kuhesabiwa pamoja, kwa sharti vipande vikidhi masharti. Suti, kwa mfano, lazima iwe ya kitambaa kile kile, rangi ile ile, saizi zinazoendana. Koti la bluu na suruali ya kijivu si suti hata zikining'inia kwenye henga moja.

Jaketi okozi. Hii ni ya watu wa ziwani na inanigusa, kwa sababu kila jaketi linalocheleweshwa bandarini ni mtu anayekwenda Ukerewe au anayevua dagaa usiku bila la kumshikilia juu ya maji. Kwa kuwa linaitwa jaketi, watu huliweka 6201 pamoja na makoti. Jaketi okozi la kitambaa si vazi kwa mpangilio huu. Lina mstari wake kabisa: 6307.20. Liandike kwa jina lake kamili kwenye ankara, usiandike "jaketi" peke yake.

Makoti ya mvua ya bodaboda. Jiulize: ni plastiki tupu, au ni kitambaa kilichopakwa plastiki? Plastiki tupu inatoka kabisa kwenye sura za nguo na kwenda 3926.20. Kitambaa cha nyuzi za kupishana chenye tabaka la plastiki unaloliona kwa macho ni 6210. Kama tabaka lipo lakini jicho halilioni, linarudi kuwa koti la kawaida.

Kitenge. Jora la kitenge ni kitambaa, na mistari ya khanga, kitenge na kikoi ni ile ya bidhaa nyeti niliyoitaja. Gauni lililoshonwa kwa kitenge ni gauni, 6204. Usije ukaandika "vitenge" kwa uvivu wakati katoni imejaa magauni. Utajiongezea ushuru kwa neno moja.

Mavazi ya ngozi ni 4203. Kofia ziko sura ya 65, viatu sura ya 64, mikoba 4202. Katoni ya "nguo" yenye hivi ndani lazima ivitaje kimoja kimoja.

Mitumba

Wauza mitumba wa Mlango Mmoja wanastahili sehemu yao. Mitumba iko 6309.00.00, na kuna masharti mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza, nguo ziwe na dalili za wazi za kuvaliwa. La pili, ziwe zimefungwa kwa wingi: kwenye belo, magunia, au vifungashio vya namna hiyo. Likikosekana moja, si mitumba. Nguo mpya zilizobaki madukani Ulaya, zikiwa bado na vitambulisho vya bei, haziwi mitumba kwa kukandamizwa kwenye belo. Na nguo zilizovaliwa lakini zikapangwa moja moja ndani ya katoni zenye plastiki, hizo nazo zinarudi kwenye vichwa vya nguo za kawaida. Viatu vya mitumba vilivyokuja kwa mtindo huo huo vinaingia humo humo 6309, pamoja na mashuka na mablanketi yaliyotumika.

Kiwango cha mitumba hulinganishwa kwa njia mbili: asilimia 35 ya thamani, au senti 40 za dola kwa kilo, na inachukuliwa iliyo kubwa. Ndiyo maana uzito wa belo ni jambo zito. Belo la kilo 45 lina ushuru usiopungua dola 18 hata ukionyesha ankara ya bei ndogo kiasi gani. Na nguo za ndani zilizovaliwa zimekatazwa na Shirika la Viwango, TBS. Zikikutwa katikati ya belo, tatizo lako halitakuwa tena la namba.

Hatua ya sita: piga hesabu kabla hujalipa oda

Ushuru hutozwa kwenye thamani inayojumlisha bei ya bidhaa, usafiri mpaka kufika, na bima. Tuseme una tisheti za pamba 1,000 kwa dola 2 kila moja: dola 2,000. Usafiri 300, bima 30. Thamani ya forodha ni dola 2,330.

Ushuru wa asilimia 35 ni dola 815.50. Ongeza kwenye thamani, upate 3,145.50. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo, si juu ya bei uliyonunulia. Inakuwa dola 566.19. Mpaka hapo ni dola 1,381.69, na bado kuna tozo ya maendeleo ya reli na ada ya uchakataji wa forodha, kisha bandari, wakala na lori la kuja Mwanza. Tisheti ya dola 2 imeshavuka dola 3 na nusu kabla haijaiona Dar es Salaam kwa nje. Viwango vya ushuru vinaweza kubadilishwa kila mwaka kuanzia 1 Julai kupitia Gazeti la Jumuiya, kwa hiyo oda ya Mei inayofika Agosti ihesabu kwa kuangalia gazeti jipya.

Wanaonunua Kampala wasikilize hapa. Nguo iliyotengenezwa Uganda au Kenya na yenye cheti cha uasili cha Jumuiya inaingia bila ushuru wa forodha. Nguo ya China iliyonunuliwa Kampala haigeuki kuwa ya Uganda kwa kupita mikononi mwa mwenye duka. Lebo inasema ilikotoka, na afisa wa Mutukula anajua kusoma lebo.

Hatua ya saba: ankara

Ankara ndiyo kazi yenyewe. Kila mstari uwe na aina ya vazi, vitanzi au nyuzi za kupishana, malighafi kwa asilimia, wa kike au wa kiume au saizi ya mtoto, idadi, bei ya moja, na namba ya katoni. Kwa mfano: "Tisheti za kiume, vitanzi, pamba 100%, vipande 1,000, katoni 1 hadi 10". Orodha ya upakiaji ifuate mpangilio huo huo, mstari kwa mstari, na uzito wa kila katoni uwepo.

Fanya hivi kabla hujatuma malipo ya mwisho. Muuzaji anayesubiri fedha yake atakuandikia chochote cha kweli unachomwomba. Akishalipwa, hajibu ujumbe. Hata ukishiriki kontena na wenzako, ankara yako iwe yako, yenye jina lako na TIN yako. Nimeona watu wakilipa kwa kilo kwa msafirishaji wa mlango kwa mlango bila kupata karatasi hata moja, kisha wakashindwa kuthibitisha walilipia nini. Mzigo ukishikwa, asiye na karatasi hana la kusema.

Hatua ya nane: wewe na wakala wako

Tamko huwasilishwa na wakala wa forodha mwenye leseni, lakini mzigo ni wako na jina ni lako. Atakwambia, "Mama, hizo namba tuachie sisi." Mwambie kwa heshima: "Sawa baba, lakini nitumie tamko nilisome kabla hujalituma." Hati hiyo inaitwa TANSAD. Linganisha kila namba na orodha uliyoipanga mwenyewe. Kama ametumia namba tofauti, mwulize sharti gani la sura limemfikisha hapo. Wakala mzuri atafurahi kukueleza, na mara nyingine yeye ndiye atakuwa sahihi. Akisema ameweka hiyo kwa sababu "ndiyo inayopita", kataa. Kutoa tamko la uongo ni kosa chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000.

Ukiwa na shaka, au mkipishana na forodha

Shaka ikiwa kabla ya kuagiza, omba uamuzi wa awali. Sheria hiyo hiyo inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa Forodha TRA ukiwa na sampuli, picha, maelezo ya malighafi na namba unayodhani ni sahihi pamoja na sababu zako. Jibu utakalopewa unalishika mzigo unapofika. Kwa mtu wa mabaibui, au wa sare za shule anayeleta aina ile ile kila mwaka, barua moja ya namna hii ina thamani kuliko kujuana na watu kumi.

Mkipishana mzigo ukiwa umeshafika, omba uamuzi wa forodha kwa maandishi, uone tarehe yake. Kuanzia hapo una siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie upya. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu ndani ya muda huo, sheria inahesabu kwamba amekubali ombi lako. Usiporidhika na jibu, una siku 45 za kwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Hoja yako iwe ya vazi lenyewe: vitanzi, uzito wa malighafi, mfuko, ukanda wa chini, sentimita. Kusema kwamba jirani yako alilipa kidogo hakusaidii.

Na kabla mzigo haujatawanyika madukani, chukua kipande kimoja kutoka kila aina, kikiwa na lebo yake, ukifunge kwenye mfuko ulioandikwa namba ya tamko. Uweke pamoja na ankara, orodha ya upakiaji na risiti za malipo, mahali pakavu pasipofikiwa na panya, kwa miaka 5.